Boti za Vidato: Kasi Yaongezeka, Uthabiti Je?

Mtu anayetaka kununua boti ya kasi siku hizi, iwe ya doria, ya kubebea watalii au ya kupeleka wagonjwa hospitalini, hakosi kuonyeshwa na wauzaji boti yenye vidato. Vidato hivyo ni vikato vinavyopita chini ya tumbo la boti kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, kana kwamba fundi amelikata tumbo kwa msumeno na kukipandisha kipande cha nyuma sentimita chache juu ya kile cha mbele. Muuzaji atasema kwamba boti ya namna hii hukimbia zaidi kwa mafuta yale yale, na atasema kweli. Lakini ukweli huo una nusu ya pili ambayo aghalabu haiandikwi katika matangazo, nayo yahusu namna boti hiyo inavyokata kona, inavyoyumba, na inavyoweza kuwatupa abiria wake majini bila ya onyo.

Makusudi ya makala haya ni kuieleza nusu hiyo ya pili, na kutoa rai kwamba boti ya vidato isiruhusiwe kubeba abiria mpaka iwe imejaribiwa kukata kona ikiwa na shehena yake kamili. Tena nitajaribu kuonyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya usafiri wetu wa pwani na maziwani, kidato ni gharama isiyo na faida.

Uthabiti wa namna mbili

Hebu tuanze na msingi. Chombo kikitulia majini hubebwa na nguvu ya maji yale kiliyoyasukuma kando, kama alivyoeleza Archimedes zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Uthabiti wake hutegemea umbo la tumbo na mahali kilipo kitovu cha uzito. Kitovu kikiwa chini na chombo kikiwa kipana, kikiinamishwa hurudi. Kitovu kikipanda juu mno, kikiinamishwa huendelea kuinama. Waunda ngalawa walilijua jambo hili bila ya vitabu. Kwa kuweka matengo huku na huku walikipa chombo chembamba manufaa ya upana bila ya kukiongezea uzito mwingi. Misiba ya M.V. Bukoba mwaka 1996 na M.V. Spice Islander I mwaka 2011 ilitufundisha upya, kwa gharama ya mamia ya roho, kwamba chombo kilichojazwa kupita kiasi hupoteza uthabiti huo.

Huu ndio uthabiti wa utulivu. Kanuni zake hufundishwa vyuoni, na ukaguzi wa vyombo hauna budi kuupima. Boti ya kasi, hata hivyo, inahitaji pia uthabiti wa namna ya pili, yaani uthabiti wa mwendo. Boti yaweza kuwa imara kabisa ikiwa imefungwa gatini, watu wazima sita wakasimama upande mmoja na isiyumbe, kisha boti hiyo hiyo ikapinduka yenyewe katika mwendo mkali kwenye maji yaliyotulia. Sababu ni kwamba kinachoibeba wakati wa mwendo si kile kinachoibeba ikiwa imetulia.

Boti inapoanza kwenda hutumbukia katika wimbi inalolifanya yenyewe, omo ikipanda na tezi ikizama. Injini ikiwa na nguvu ya kutosha, boti hulipanda wimbi hilo, hulivuka, kisha huanza kuteleza juu ya maji mfano wa kijiwe bapa kilichorushwa na mtoto ziwani. Hapo sehemu kubwa ya uzito wake haibebwi tena na kuelea, bali na kanieneo ya maji yanayolipiga tumbo kwa kasi.

Kanieneo hiyo si ndogo. Kwa mwendo wa noti 40, yaani kilomita 74 hivi kwa saa, maji ya bahari yanayozuiwa kabisa na kitu hukielemea kitu hicho kwa kanieneo ya kilopaskali 217 hivi, ambayo ni sawa na ile iliyopo katika kina cha zaidi ya mita 21. Eneo la ukubwa wa sahani ya chakula, lenye upana wa sentimita 25, likikabili maji kwa namna hiyo laweza kusukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Na kwa kuwa kanieneo huongezeka kwa mraba wa kasi, mwendo ukiwa mara mbili nguvu huwa mara nne. Yafaa msomaji aikumbuke sahani hiyo, maana inaeleza mengi ya yafuatayo: katika mwendo mkali, kipande kidogo cha tumbo kikigusa maji mahali pasipotakiwa chaweza kuigeuza boti nzima.

Kazi ya kidato

Boti ya kasi isiyo na kidato nayo ina udhaifu wake. Kadiri inavyoongeza mwendo, ndivyo sehemu inayogusa maji inavyopungua na ndivyo tumbo linavyolala. Majaribio yameonyesha kwamba ubao unaoteleza juu ya maji hubeba uzito kwa ukinzani mdogo kabisa unapokuwa umeinuka kwa pembe ya nyuzi 4 au 5 hivi. Boti ya kawaida katika mwendo mkali hushuka chini ya hapo, ikabaki inaburuta kipande kirefu chembamba cha tumbo kinachosuguana na maji pasipo kubeba uzito wa maana.

Kidato huuondoa udhaifu huu kwa ujanja mzuri. Maji yanayopita chini ya sehemu ya mbele yakifika kwenye ukingo mkali wa kidato hayawezi kupinda ghafla na kupanda juu. Huachana na tumbo, na nyuma ya ukingo hubaki pengo ambalo hewa huvutwa kuingia humo kutoka mbavuni. Kisha maji hulikuta tena tumbo mbali kidogo, karibu na tezi. Basi badala ya kulalia kipande kimoja kirefu, boti husimama juu ya vipande viwili vifupi na vipana, na katikati yake kuna hewa. Eneo la msuguano hupungua, na pembe ya mwinuko hukaa karibu na ile iliyo bora. Katika mwendo mkali, wataalamu hutaja mara kwa mara upungufu wa ukinzani wa asilimia 10 hadi 15.

Katika mwendo mdogo mambo hugeuka. Kabla hewa haijaingia, pengo hujaa maji yanayozunguka ovyo, nayo huivuta boti nyuma. Kwa hiyo kidato ni kifaa cha mwendo mkali peke yake. Chini ya mwendo huo si kwamba hakisaidii tu, bali chazuia.

Fikra ya zamani

Fikra hii ina umri mkubwa kuliko injini zinazoitumia. Mwaka 1872 Mchungaji Charles Ramus, kasisi huko Sussex nchini Uingereza, aliipelekea idara ya Jeshi la Majini pendekezo la meli yenye tumbo la kidato. Mhandisi William Froude, aliyekuwa na hodhi la majaribio mjini Torquay, alivipima vielelezo na kuona kwamba nguvu iliyotakiwa ilikuwa kubwa mno kwa mashine nzito za mvuke za siku hizo. Ilibidi kungojea injini ya petroli. Mwaka 1910 John Thornycroft aliunda Miranda IV, boti ya kidato kimoja, na kutokana na mfano wake zikaundwa kuanzia mwaka 1916 boti ndogo za topido za Jeshi la Majini la Uingereza. Boti mojawapo kati ya hizo ndiyo iliyoizamisha manowari Oleg karibu na Kronstadt mwaka 1919.

Mashindano ya kasi yaliyofuata yalionyesha uzuri wa kidato, yakaonyesha na ukali wake. Tarehe 13 Juni 1930, katika ziwa Windermere, Sir Henry Segrave aliiendesha Miss England II, boti ya kidato, kwa wastani wa maili 98.76 kwa saa, akaweka rekodi ya dunia. Katika mkupuo uliofuata boti ilipinduka. Segrave na mhandisi Victor Halliwell wakapoteza maisha. Inaaminika kwamba iligonga gogo lililokuwa likielea. Boti inayosimama juu ya vipande vichache vidogo vya tumbo haina akiba: kipande kimoja kikiharibika, hakuna kingine cha kuipokea.

Baadaye mawazo ya wabunifu yaligeukia njia nyingine. Raymond Hunt wa Marekani alibuni tumbo lenye umbo la herufi V iliyochongoka sana, na mwaka 1960 boti iitwayo Moppie yenye tumbo hilo ilishinda mbio za kutoka Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. Kwa miaka mingi V hiyo ndiyo iliyotawala boti za baharini, na vidato vikasahauliwa kwa kiasi kikubwa. Vilirudi kwa nguvu kuanzia miaka ya 1980 na 1990, safari hii vikiwa vimekatwa juu ya tumbo la V lenyewe.

Wala kidato si kigeni katika maji yetu. Kuanzia mwaka 1937 shirika la Imperial Airways lilikuwa likituma ndege kubwa za majini aina ya Short Empire, zikitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi katika safari ya kwenda Durban. Matumbo ya ndege hizo yalikuwa na kidato, kwa maana bila ya kidato maji huling'ang'ania tumbo na ndege haiwezi kujing'oa. Utafiti mwingi tulio nao juu ya tabia ya vidato ulifanywa kwa ajili ya ndege za namna hiyo katika miaka ya 1930 na 1940.

Mshale uliohamishwa manyoya

Sasa tuje kwenye kona. Mshale huruka sawasawa kwa sababu una manyoya nyuma: ukipinda kidogo, hewa huyasukuma manyoya na kuurudisha katika njia yake. Ukiyahamishia manyoya mbele, mshale utageuka na kuruka kinyumenyume. Boti ya kawaida hushika maji hasa kwa sehemu yake ya nyuma, na sehemu hiyo ndiyo manyoya yake.

Boti ya vidato imehamisha sehemu ya mshiko wake kwenda mbele. Kipande cha mbele hubeba mzigo mzito karibu na kitovu cha uzito au mbele yake. Kipande cha nyuma hupita katika bonde lililoachwa na kidato, juu ya maji yaliyokwisha kuvurugwa na kuchanganyika na hewa, kwa hiyo mshiko wake wa ubavuni ni dhaifu. Maadamu boti yaenda moja kwa moja, hakuna anayeona tofauti; wengi husema kwamba imetulia kuliko nyingine. Tofauti hujitokeza usukani unapozungushwa.

Boti inayokata kona yenye nusu kipenyo cha mita 50 kwa mwendo wa noti 40 huhitaji nguvu ya ubavuni inayozidi asilimia 80 ya uzito wake. Kwa boti ya tani 3, huo ni uzito wa tani mbili na nusu, na nguvu yote hiyo haina budi kutoka katika vipande viwili vidogo vya tumbo. Boti huinamia ndani ya kona, na mlango wa hewa wa upande wa ndani huzama. Pengo la upande huo hukosa hewa na kujaa maji, ilhali upande wa nje bado una hewa. Upande mmoja wavutwa nyuma na wa pili hauvutwi. Tezi, ambayo mshiko wake ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, huanza kuteleza kuelekea nje.

Hapo ndipo mazoea mema ya nahodha yanapomgeuka. Nahodha aliyelelewa katika boti za kawaida, akihisi tezi inateleza, hupunguza moto mara moja. Katika boti ya vidato tendo hilo likifanywa katikati ya kona huimaliza kazi. Msukumo ukikatika, omo huanguka. Eneo linaloshika maji huruka mbele. Tezi huwa nyepesi zaidi, ikaitangulia omo. Boti sasa yaenda ubavu mbele. Ukingo wa tumbo huyachoma maji, na ile sahani yetu ya tani moja huwa sahani nyingi kwa mara moja. Boti husimama ghafla au hupinduka, na watu huendelea katika njia waliyokuwa wakienda. Haya yote huweza kutimia katika muda wa sekunde moja au mbili, ambao hautoshi mtu kufikiri.

Ndiyo maana wajuao boti hizi hufundisha utaratibu ulio kinyume cha silika: punguza mwendo kabla ya kuingia katika kona, kisha ishikilie nguvu ya injini bila ya kuibadilisha mpaka utoke. Omo isishushwe kwa kuiingiza rafadha ndani mno, wala usukani usizungushwe kwa mkupuo. Ni utaratibu mwepesi kuandikwa, lakini mgumu kutekelezwa na mtu aliyeona ghafla mtumbwi mbele yake.

Kuruka kama pomboo

Tatizo la pili ni kile kitendo cha boti kuinua na kuzamisha omo mfululizo, mithili ya pomboo, hata katika maji yaliyotulia kama kioo. Kupanda kwa omo hupunguza eneo la kubeba, boti ikashuka; kushuka huongeza eneo, ikapanda tena. Mwendo huo ukikosa kitu cha kuutuliza hukua mpaka boti ikaruka nje ya maji.

Watafiti wa ndege za majini waligundua kwamba ndege yenye kidato ina mipaka miwili. Omo ikishuka chini ya pembe fulani, kipande cha mbele pekee huanza kurukaruka. Omo ikipanda juu ya pembe nyingine, vipande vyote viwili huanza kupokezana mzigo. Baina ya mipaka hiyo kuna njia ya usalama, nayo katika kasi fulani yaweza kuwa nyembamba.

Kinachoamua kama boti iko ndani ya njia hiyo ni mahali kilipo kitovu cha uzito. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, zoezi mojawapo tulilopewa kwenye hodhi la majaribio lilikuwa kuhamisha kipande cha risasi ndani ya kielelezo kwenda nyuma, sentimita moja baada ya nyingine. Kielelezo kilitulia, kikatulia, kisha kwa sentimita moja tu zaidi kikaanza kurukaruka. Kasi ilikuwa ile ile na tumbo lile lile. Boti ya kawaida husamehe uhamisho wa namna hiyo kwa kiasi fulani. Boti ya vidato husamehe kidogo zaidi, kwani mgawanyo wa mzigo baina ya kipande cha mbele na cha nyuma ndio msingi wa muundo wake wote.

Boti hizi katika mazingira yetu

Mbunifu wa boti ya vidato huichora kwa uzito fulani, ukiwa mahali fulani, kwa kasi fulani. Tuyalinganishe hayo na kazi halisi ya boti zetu. Asubuhi boti yaweza kwenda na nahodha na msaidizi wake. Mchana ikarudi na watu kumi na wawili, magunia, na madumu ya mafuta yaliyopangwa palipopatikana nafasi. Uzito huwa mara mbili ya ule wa asubuhi, na kitovu chake hakijulikani kiko wapi. Milango ya hewa iliyopangwa kuwa juu ya maji yaweza kuwa imezama kabla boti haijaondoka.

Kisha kuna kasi. Boti ya abiria iliyosheheni, katika bahari yenye mawimbi ya kusi, haitazamiwi kwenda zaidi ya noti 20 au 25. Kwa mwendo huo faida ya kidato ni ndogo au haipo, na wakati wa kuanza safari, boti inapojitahidi kulivuka wimbi lake, kidato kisicho na hewa huongeza ukinzani na kula mafuta. Mnunuzi amelipa fedha zaidi kwa ajili ya kasi asiyoifikia, na pamoja nayo amenunua tabia ya kona ambayo nahodha wake hakufundishwa.

Tena kuna fukwe. Kidato hufanya kazi kwa sababu ukingo wake ni mkali. Katika bandari nyingi ndogo za pwani, maji yakipwa boti hulala juu ya mchanga na mawe, au huburutwa na watu hadi nchi kavu. Ukingo humomonyoka, fundi huuziba kwa faibaglasi na kuusawazisha kwa msasa mpaka ukawa wa mviringo. Kwa macho boti imetengenezeka vizuri, lakini maji sasa hayaachani na tumbo mahali pale pale upande wa kulia na upande wa kushoto. Mwani ukinasa katika mlango mmoja wa hewa matokeo huwa yale yale.

Liko pia suala la kunakili. Fundi hodari wa faibaglasi aweza kuchukua kalibu kutoka katika boti ya ng'ambo na kuunda nyingine inayofanana nayo kwa sura. Sipendi kuudharau ufundi huo, ambao umetupatia boti nyingi nzuri za tumbo la kawaida. Lakini kalibu huchukua umbo tu. Haichukui hesabu za mahali pa injini, pa tangi na pa viti, na katika boti ya vidato hesabu hizo zina thamani sawa na umbo lenyewe.

Hoja za upande wa pili

Wako wahandisi watakaosema kwamba lawama hizi ni za boti mbovu, na kwamba boti ya vidato iliyobuniwa vizuri huwa salama. Nakubaliana nao. Wabunifu hawakulala. Vidato vimepindwa na kuelekezwa nyuma, milango ya hewa imepanuliwa na kupandishwa, na Mmarekani Michael Peters ameandikisha hataza ya tumbo la vidato lenye mfereji katikati ya sehemu ya nyuma, kwa kusudi la kuirudishia tezi mshiko wake. Lakini juhudi hizo zenyewe ni ushahidi kwamba tatizo lipo. Tena, neno "iliyobuniwa vizuri" halina maana kwa mkaguzi aliyesimama gatini mpaka apewe njia ya kulipima.

Wengine watasema kwamba tusikatae maendeleo, na kwamba akiba ya mafuta ni jambo zito kwa nchi zinazoyanunua ng'ambo. Hoja hii ni ya haki pale kasi inapofikiwa kweli. Boti ya doria yenye wafanyakazi wachache waliofunzwa, inayokwenda noti 40 kwa saa nyingi, yaweza kufaidika sana na vidato, wala sina haja ya kuinyima. Rai yangu yahusu boti ya abiria, ya wanafunzi, ya watalii na ya wagonjwa. Abiria hakuchagua tumbo la boti, naye hana usukani mkononi.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, taasisi zinazonunua boti za kubebea watu kwa mwendo usiozidi noti 30 zingeandika waziwazi katika zabuni zao kwamba zataka tumbo la V lisilo na vidato. Hakuna kitakachopotea, na bei yaweza kupungua.

Pili, boti yoyote ya vidato itakayoombewa leseni ya kubeba abiria ijaribiwe majini. Wazo hili si geni: kiwango cha kimataifa ISO 11592, kinachohusu ukubwa wa injini zifaazo boti ndogo, kinatumia jaribio la kukata kona. Jaribio letu lifanywe boti ikiwa tupu na ikiwa imejaa mifuko ya mchanga badala ya watu, kulia na kushoto, kwa kasi inayopandishwa kidogo kidogo, na mara nyingine kwa kupunguza moto katikati ya kona. Kasi ile ambayo tezi yaanza kuteleza iandikwe, ipunguzwe kwa kiasi cha usalama, na kibao chake kipigiliwe mbele ya nahodha. Gharama yake ni mafuta ya asubuhi moja, boti ya uokozi, na waendeshaji wawili waliovaa makoti ya kuelea.

Tatu, kamba ya kuzimia injini iwe imefungwa mwilini mwa nahodha wakati wote wa mwendo mkali. Mwezi Mei 2013, karibu na Padstow nchini Uingereza, boti ya kasi iligeuka ghafla katika kona ikawatupa majini watu wote sita wa familia moja waliokuwamo. Kamba haikuwa imefungwa. Boti iliendelea kuzunguka ikiwa na injini hai, na watu wawili wakafa. Marekani imeifanya kamba hiyo kuwa wajibu kwa boti nyingi zenye urefu usiofikia futi 26 tangu tarehe 1 Aprili 2021. Sheria ya namna hiyo haihitaji maabara wala mtaalamu kutoka ng'ambo.

Nne, vyuo vyetu vya uhandisi na vya mabaharia vifundishe uthabiti wa mwendo pamoja na ule wa utulivu. Hatuna lazima ya kungojea hodhi la mamilioni. Kwa kanuni aliyoiweka Froude, kasi ya kielelezo hupunguzwa kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa urefu. Boti ya mita 9 yawakilishwa na kielelezo cha mita 1, na mwendo wake wa noti 30 wawakilishwa na noti 10. Kielelezo hicho chaweza kukokotwa ubavuni mwa boti nyingine katika hori iliyotulia, kikiwa na mizani ya kupimia mvuto na risasi za kuhamisha kitovu cha uzito. Tabia ya hewa chini ya kidato haiwakilishwi kwa ukamilifu na kielelezo kidogo, kwa hiyo jaribio la boti yenyewe bado lina nafasi yake. Hata hivyo mwanafunzi atakayekiona kielelezo chake kikianza kurukaruka kwa sababu ya risasi moja iliyosogezwa hatahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini madumu ya mafuta yasipangwe ovyo.

Kidato ni uvumbuzi wa akili nyingi, na hakuna sababu ya kukichukia. Lakini kila noti ya kasi inayoongezwa na kidato hulipiwa kwa mshiko wa tezi, na mshiko huo ndio abiria wanaoutegemea pasipo kuujua. Wenye mamlaka ya kutoa leseni wasiipokee hati ya muuzaji kuwa jibu la suala hili. Boti ipelekwe majini, ijazwe, igeuzwe, kisha leseni iandikwe kwa mujibu wa kilichoonekana.